Kiingereza cha Kupeana Mgongo

Kituyi alikuwa mbeba magunia katika stoo moja ya mahindi mjini Eldoret. Kazi hiyo aliijua vizuri. Wenzake walibeba gunia wakiguna, yeye alibeba akipiga soga. Lakini siku hizi soga zilikuwa zimepungua. Mgongo ulikuwa umeanza kumletea maneno. Asubuhi mkewe Nasambu alimshika mkono ndipo ainuke kitandani, na daktari alimwambia bila kuzunguka kwamba akiendelea kubeba magunia, atakuja kubebwa yeye.

Sasa mbeba magunia asiyebeba magunia atafanya nini? Atafunga virago arudi kwao Kimilili. Kituyi hakutaka kurudi. Watoto wake walikuwa wakisoma Kimumu, mtaa wa hapo hapo mjini, na Nasambu alikuwa na bustani yake ya sukuma wiki nyuma ya nyumba. Maisha yao yote yalikuwa hapo.

Bahati ilibisha hodi. Mzee Joash, karani wa kupokea simu katika stoo ile, alitangaza kwamba Krismasi ikifika anastaafu. Kazi yake ilikuwa ya kuketi. Simu ikilia, anapokea. Akiambiwa lori liende shamba fulani, analituma. Bwana Kimutai, meneja wa stoo, alimpenda Kituyi kwa sababu aliwajua madereva wote na hakuwa mtu wa mambo mengi.

"Hii kazi naweza kukupa," Bwana Kimutai alimwambia. "Shida ni Kiingereza. Wenye mashamba makubwa wa Moi's Bridge wanapiga simu kwa Kiingereza. Ofisi ya Nairobi pia ni hivyo hivyo. Wewe unakijua?"

"Kidogo, mkubwa," Kituyi alisema.

Hicho kidogo kilipimwa upesi. Siku moja Mzee Joash alikuwa mgonjwa, na simu ikalia. Juu ya simu ilitundikwa picha ya Rais, kwa hiyo kila aliyepokea alisimama wima kama yuko barazani. Kituyi alisimama hivyo, akainua simu. Mtu wa upande wa pili alizungumza Kiingereza kwa haraka. Kituyi hakuelewa. Lakini aliona aibu kumwambia mkubwa kwamba haelewi.

"Yes, sir," alisema. Yule mtu akaendelea. "Yes, sir," Kituyi alisema tena. Akaweka simu chini, akafuta jasho, akarudi kwa magunia yake.

Kumbe mtu yule alikuwa mkulima aliyetaka lori likachukue mahindi yake siku hiyo hiyo. Alingoja mpaka jua likazama. Kesho yake alikuja mwenyewe, na maneno aliyosema siwezi kuyaandika katika kitabu cha watu wazima wenye heshima.

Bwana Kimutai alimwita Kituyi ofisini. "Kutoelewa si kosa," alisema. "Kosa ni ile yes, sir. Ulikubali kitu hukijui. Nakupa mpaka Joash aondoke. Ukishindwa, nitatafuta mtu mwingine, na wewe na huo mgongo wako sijui nitakuweka wapi."

Kituyi alinunua kamusi. Kila jioni aliketi mlangoni kukiwa bado na mwanga, akakariri neno moja moja. Jambo alilolikumbuka kutoka simu ile lilikuwa maneno mawili, "pick up". Mkulima aliyataja mara nyingi. Kituyi alitafuta "pick", akaona ni kuchagua au kuchuma. Akatafuta "up", akaona ni juu.

"Chuma juu," alimwambia mkewe. "Mama Isaiah, mtu anaweza kupiga simu kusema nichume juu?"

"Baba Isaiah, hiyo kamusi itakutia wazimu," Nasambu alijibu. "Enda kwa mwalimu. Hapo kanisani kuna darasa la ngumbaru. Mwalimu Jelagat anafundisha Kiingereza mara mbili kwa wiki, jioni watu wakitoka kazi."

Ilikuwa ile miaka serikali ilipotangaza kwamba kila mtu mzima ajifunze kusoma. Madarasa yalifunguliwa kila mahali. Watu wenye wajukuu walibeba kalamu na daftari bila haya. Kituyi alinyoa ndevu, akavaa shati la Jumapili, akaenda.

Alifika mlangoni, akachungulia, kisha akarudi kinyumenyume kama aliyemwona chui.

Katika benchi la pili aliketi Selpha Nanyama, mama mzazi wa Nasambu. Ndiye mama mkwe wake.

Mtu wa kabila lingine atauliza, kwani mama mkwe anauma? Haumi. Lakini Kituyi na Selpha walikuwa Wabukusu, na kwa Wabukusu mwanamume na mama wa mkewe huheshimiana kwa kukaa mbali. Hawashikani mikono. Hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kichochoro. Kituyi alikuwa amemwoa Nasambu miaka mingi, na ukimwuliza mama mkwe wake ana pua ya namna gani, hajui. Leo aingie chumba kimoja naye, aketi nyuma yake, afungue kinywa na kukosea Kiingereza mbele yake? Afadhali mgongo uvunjike.

Nyumbani alimlaumu mkewe. "Kwa nini hukuniambia mama yako yuko huko?"

"Sikujua," Nasambu alisema. "Mama hasemi mambo yake. Lakini najua sababu. Anafanya kazi ya yaya kwa nyumba moja ya matajiri kule Elgon View, na wale watoto wa nyumba hiyo wanaongea Kiingereza tu. Anachoka kulea watoto asioelewa wakilia wanalilia nini."

"Basi mwambie aache."

Nasambu aliweka mwiko chini. "Mwambie wewe," alisema, na bila shaka alijua kwamba hawezi.

Kituyi alipata akili, au alidhani amepata. Siku ya darasa iliyofuata alisimama nje ya kanisa, chini ya dirisha, akasikiliza kutoka huko. Manyunyu yalianza. Kituyi alijikunyata ukutani, akashika kamusi chini ya koti. Mwalimu Jelagat alisikia mtu akikohoa, akatoka.

"Wewe unataka kusoma ama unataka kuiba mabenchi?" aliuliza.

"Kusoma, mwalimu."

"Sasa mbona uko kwa mvua?"

Kituyi alieleza, huku akitazama viatu vyake. Alieleza habari ya mgongo, ya simu, ya kazi ya Mzee Joash, na ya mama mkwe. Mwalimu Jelagat alikuwa Mkalenjin wa hapo hapo Uasin Gishu. Hakumcheka.

"Sisi pia tuna heshima yetu kwa wakwe," alisema. "Siwezi kukwambia uvunje yenu. Lakini nikuulize. Heshima yenu inakataza nini hasa? Kuongea?"

Kituyi alifikiri. "Kuongea kwa mbali si vibaya sana, ikiwa kuna jambo. Vibaya ni kuangaliana na kukaribiana."

"Na kwenye simu, watu wanaangaliana?"

"Hapana, mwalimu."

"Wanakaribiana?"

"Hapana."

"Basi ingia na mlango wa nyuma," Mwalimu Jelagat alisema. "Nimepata simu mbili za bure."

Alipanga mambo hivi. Selpha alibaki kwenye benchi la pili, akitazama ubao. Kituyi aliwekewa kiti mwisho kabisa wa kanisa, akitazama ukuta wa nyuma. Wakapeana mgongo, kama watu wa simu mbili, na katikati yao wakaketi wanafunzi wengine, wakigeuza shingo huku na huku. Selpha aliulizwa kama amekubali. Alijifunga leso vizuri kichwani, akasema, "Ikiwa hanioni, mimi sina shida."

Mwalimu alitoa kamusi mkononi mwa Kituyi, akaiweka mezani.

"Kamusi ni nzuri," alisema, "lakini kuna maneno ya Kiingereza yanayotembea wawili wawili, kama mume na mke. 'Pick' akiwa peke yake ana kazi yake, na 'up' ana kazi yake. Wakioana, wanaanza maisha mapya. Usiwaulize mmoja mmoja. Uliza wote pamoja, na uulize swali hili: nani anafanya, anafanyia nini, na wako wapi?"

Aliangusha chaki kwa makusudi. "Selpha, pick up the chalk."

Selpha aliinama, akaiokota.

"Umeona? Kitu kiko chini, unakiokota. Hiyo ndiyo 'pick up'. Sasa simu inalia. Kituyi, pick up the phone."

Kituyi alinyoosha mkono ukutani, akainua simu isiyokuwepo. Watu wakacheka, naye akacheka.

"Hiyo pia ni 'pick up'. Sasa watoto wametoka shule, wanangoja pale kwa geti. Selpha, mama wa watoto anakwambia nini?"

Selpha alijibu upesi. "Please pick up the children."

"Umejuaje?"

"Ananiambia kila siku."

"Basi hapo si kuokota watoto kama viazi. Ni kwenda mahali walipo na kuwachukua. Mtu unamchukua, na mzigo unauchukua."

Kituyi aligeuka kidogo kwenye kiti, akakumbuka, akarudi kutazama ukuta. "Mwalimu," alisema polepole, "yule mkulima alitaka niende nimchukulie mahindi."

"Ndiyo. Na ungemwuliza where, angekwambia wapi, na hata bila kamusi ungeelewa. Hilo ndilo somo kubwa kuliko yote. Kwenye simu, usiseme yes kabla hujamrudishia mtu maneno yake. Mwambie, 'You want us to pick up the maize?' Ukikosea, atakurekebisha. Hakuna mkubwa anayekasirika akiulizwa. Anakasirika akikubaliwa halafu asione kitu."

Somo liliendelea wiki baada ya wiki. Walijifunza kwamba mtu anaweza pia kulichukua neno kwa kusikia tu, bila kufundishwa. Selpha alisema, "I picked up English in the kitchen," akimaanisha kwamba Kiingereza chake alikipata jikoni, akisikiliza, na darasa zima likampigia makofi. Walijifunza kwamba biashara iliyolala ikichangamka, au mgonjwa akianza kupata nafuu, hapo pia wanasema 'picking up'. Walijifunza kwamba ukitumia neno fupi kama 'it' au 'them', linaingia katikati ya wale wawili: pick it up, pick them up. Kituyi alisumbuliwa na jambo hilo mpaka akaliimba akitembea kwenda kazini, na watu wa njiani wakamwona kama amerukwa na akili.

Lakini kilichowaleta watu darasani mapema ni ile simu ya kuigiza ya mkwe na mkwe. Mwalimu alisema tu, "Simu," na Selpha akaanza.

"Hallo. Is that Kituyi?"

"Yes, Mama. Who is speaking?"

"You know me," Selpha alisema, na watu wakaanza kuminya vicheko. "In your house, there are shoes on the floor. My daughter picks them up. Every day. You pick them up."

Kituyi alishtuka mpaka kiti kikalia. Kwa Kibukusu, Selpha asingeweza kumwambia mkwe wake neno hilo hata kwa fimbo. Kwa Kiswahili pia asingethubutu. Lakini hiki kilikuwa Kiingereza, na tena kilikuwa kazi ya darasa. Kituyi alikumbuka somo lake. Hakusema yes.

"You want me to pick up my shoes?" aliuliza.

"Every day."

"I will pick them up, Mama."

Jioni hiyo Nasambu alimwona mumewe akiokota viatu na kuvipanga ukutani. Alimwuliza kama anaumwa. Kituyi hakumweleza.

Siku nyingine Selpha alikawia kuzungumza. Mwalimu alidhani amesahau maneno. Halafu sauti yake ikatoka, chini kuliko kawaida.

"Kituyi. Your back. Is it picking up?"

Kituyi alitazama ukuta mbele yake. Miaka yote ile alidhani kwamba mama mkwe hajali kama yeye ni mzima au mgonjwa, kwa sababu hakuwahi kumwuliza. Kumbe hakuwa na njia ya kumwuliza. Alimpenda yule mama siku hiyo, na akaona haya kwamba hakumpenda mapema.

"Not yet, Mama," alijibu. "If I get the job, it will pick up."

"Then get the job," Selpha alisema.

Mwezi wa Novemba ulikuwa unakaribia mwisho. Mahindi yalikuwa yamevunwa, na mvua isiyo ya msimu ilikuwa ikizungukazunguka juu ya wilaya. Bwana Kimutai alisema atampima Kituyi siku ya Jumatatu. Ila simu haingoji Jumatatu. Ijumaa mchana, Mzee Joash akiwa amekwenda kula, ililia.

Wenzake Kituyi waliacha magunia wakamtazama. Waliikumbuka ile yes, sir. Alitazama watu, akatazama mlango, na Kiingereza chote kikamtoka kichwani. Ndipo akageuka. Aliupa mlango mgongo, akautazama ukuta tu, kama darasani. Maneno yakarudi. Akainua simu.

"Good afternoon. Who is speaking?"

Alikuwa Bi Chepkorir, mwenye shamba kubwa la Moi's Bridge, mwanamke aliyesomea ng'ambo. Kiingereza chake kilikwenda mbio, na waya ulikuwa ukikwaruza. Kituyi alisikia maize. Alisikia rain. Alisikia gate. Na katikati, wakitembea pamoja, akawasikia wale wawili.

"Please, slowly," alisema. "You want us to pick up the maize today?"

Bi Chepkorir alisema ndiyo, leo, mvua inakuja na mahindi yako nje.

"We pick it up at the upper gate?" Kituyi aliuliza, kwa maana ndivyo alivyodhani amesikia.

"No, no. The lower gate," Bi Chepkorir alisema, sasa polepole. Alieleza kwamba daraja la geti la juu limebomoka, na lori likipita huko litazama.

"The lower gate, not the upper gate," Kituyi alirudisha. "Thank you, Madam. We will pick it up."

Aliweka simu chini, akamwita dereva Nicholas, akamwambia aende Moi's Bridge kwa geti la chini, na asithubutu kupita geti la juu. Lori lilitoka likitimua vumbi. Kituyi aligeuka, akamkuta Bwana Kimutai amesimama mlangoni. Alikuwa amesikia mazungumzo yote.

"Mbona unaongea na simu ukiangalia ukuta?" meneja aliuliza.

"Ndiyo nilifundishwa hivyo, mkubwa."

"Na mbona ulimwuliza maswali mengi hivyo?"

"Kama singeuliza, lori lingepita kwa lile daraja limebomoka."

Bwana Kimutai alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayehesabu hasara iliyomkosa. "Jumatatu usije na nguo za magunia," alisema. "Vaa shati. Joash ataanza kukuonyesha hiyo kazi."

Jioni mvua kubwa ilinyesha Moi's Bridge. Mahindi ya Bi Chepkorir yalikuwa tayari yamelala ndani ya stoo ya Eldoret, makavu. Wabeba magunia walimbeba Kituyi juu juu kwa furaha, naye akapiga kelele wamshushe, mgongo bado si wake. Walicheka mpaka wakakaa chini. Wengi wao waliingia darasa la Mwalimu Jelagat mwaka uliofuata, na mmoja wao siku hizi ni dereva.

Jumatatu Kituyi alivaa shati lake la Jumapili. Mchana, kazi ilipopungua, alimwomba Bwana Kimutai ruhusa apige simu moja mjini. Aliipigia ile nyumba ya Elgon View, akitumaini kwamba yaya yuko karibu.

"Hallo," sauti ilisema. "Who is speaking?"

"It is Kituyi, Mama. I got the job."

Kituyi alidhani laini imekatika. Halafu akasikia mama mkwe wake akilia, si kwa Kiingereza wala lugha yoyote, analia tu. Kituyi naye akaegemea ukuta, akalia bila kujificha, wenzake wakimwona.

"Umefanya vizuri, mwanangu," Selpha alisema, kwa Kiswahili.

Mpaka leo hawajatazamana usoni. Wakikutana sokoni, Kituyi anaingia kichochoro kama kawaida. Lakini kila Ijumaa mchana simu inalia kule Elgon View, na Selpha anaiinua, na kitu cha kwanza anachouliza ni mgongo.